Shika Mwiko

Mkate wa kwanza siuli. Naupika, naugeuza, nauweka kando juu ya kifuniko cha sufuria, na wote wakishashiba nawatupia kuku. Wajukuu wangu wanasema bibi hulisha kikaango kwanza ndipo alishe watu. Wacheke tu. Sina desturi ya kueleza mambo yangu kwa mtu anayetafuna. Lakini mvua hii imeninyima hata kutoka uani, miguu imevimba, na nimechoka kuwa mtu pekee anayejua kwa nini.

Ninachopika ni chapati za maji za mtama. Hazina ngano, hazina yai, hazina maziwa wala samli. Watu wa siku hizi wakisikia hivyo wananionea huruma, wanadhani ni chakula cha mwaka wa njaa. Si hivyo. Nilifundishwa kuzipika nikiwa mke mdogo huko Samuye, nje ya mji wa Shinyanga, miaka ya thelathini, na aliyenifundisha alikuwa na ng'ombe wengi kuliko meno niliyobakiwa nayo.

Mimi ni mtoto wa mjini. Baba yangu alikuwa mchuuzi wa nguo na chumvi, mtu mwenye damu ya pwani upande mmoja na ya Tabora upande wa pili, na nyumbani kwetu tuliamkia chai, swala na Kiswahili. Mume wangu alikuwa Msukuma aliyekuja mjini kuuza karanga. Akatuzoea, akasilimu, akanioa. Baba alimpenda kwa adabu yake. Mimi nilimpenda kwa sababu alikuwa akianza kucheka kabla hajamaliza kusimulia kichekesho chake mwenyewe, mpaka msikilizaji hajui kichekesho kiliishia wapi. Tulipanga chumba kimoja mjini, tukaishi vizuri, tukigombania mambo madogo.

Jambo moja dogo lilikuwa namna yake ya kula. Ukimpa chapati anaikunja katikati, anaikunja tena, inakuwa pembe. Kisha anaanza kuuma ile ncha. Ncha tu kwanza. Nikimwambia ale kama watu wengine, ananijibu kwamba utamu hujificha kwenye kona. Nilikuwa nakasirika kwelikweli. Leo ningetoa nini nikasirike vile tena, hata sijui.

Halafu ikaja habari ya dhahabu. Wanaume walikuwa wanakwenda magharibi, upande wa Geita, katika nchi ya Wazinza, na waliorudi walirudi na kofia. Mume wangu alitaka cherehani. Alikuwa na ndoto ya kukaa barazani mwa duka la Mhindi akishona, na mimi ndani nikitia vifungo. Nilimwambia vifungo naweza kutia hata bila dhahabu, lakini mwanamume akishaona kitu kichwani mwake, unaongea na ukuta. Akanipeleka kwa mama yake Samuye nisikae peke yangu mjini. Asubuhi ya pili akaondoka kwa miguu pamoja na wenzake, akatuahidi kurudi kabla mtama haujavunwa.

Mama yake alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye maneno machache. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na kila herufi ya ra ilipofika kinywani mwake iligeuka la. Nilimwita mayu, kama alivyomwita mwanawe, maana ndilo neno lao la mama. Mimi nilimwamkia "Shikamoo, mayu," naye alinijibu "Mwangaluka," salamu yao ya asubuhi, na hapo kila mmoja wetu alikuwa amemaliza karibu nusu ya lugha ya mwenzake. Waliobaki pale kwake ni sisi wawili, kuku na ng'ombe. Mbwa wake alikuwa ameliwa na fisi kabla sijafika, na hakutaka kufuga mwingine.

Siku ile mume wangu alipoondoka, niliona jambo. Mayu alikamua ng'ombe, maziwa yote akayapeleka kwa shemeji zake kaya ya jirani. Hakuyaonja. Mayai aliyaokota na kuyafunika kikapuni. Kibuyu cha samli kilining'inia pale pale kwenye mwamba wa paa, hakukishusha. Jioni shemeji yake alimletea nyama, naye akaipokea, akashukuru, akaigawa kwa wapita njia. Mimi nina macho. Nikajua mama amejifunga jambo kwa ajili ya mwanawe.

Kesho yake alfajiri tulikuwa wote jikoni, moshi umejaa, yeye amechuchumaa mbele ya kikaango. Ghafla akageuka, macho yakimtoka machozi, akanyoosha mkono kwangu. Mkononi alikuwa na mwiko wake, mweusi kwa uzee, umelika upande mmoja.

"Shika mwiko, mwanangu," alisema. "Shika mwiko wangu."

Sasa, Kiswahili kina neno hilo kwa mambo mawili. Mwiko ni ule mti wa kugeuzia chakula. Na mwiko ni lile katazo ambalo mtu akishajiwekea, halivuki. Mimi niliyepitia chuo na vitabu, mtoto wa mjini niliyejua Kiswahili kuliko kaya nzima, niliona mama anayelia, niliona mama asiyegusa maziwa, nikasikia anachoniomba. Moyo ulinijaa. Niliupokea ule mti kwa mikono miwili.

"Nimeshika, mayu," nikamwambia.

Akanitazama kidogo, akafuta macho kwa pembe ya kaniki yake. Kuanzia asubuhi ile sikuonja maziwa, wala samli, wala yai, wala nyama. Ngano haikuwa taabu kuiacha kwa sababu haikuwapo; ilikuwa dukani mjini kwa wenye nafasi. Tukabaki na mtama, majani na karanga, mimi na yeye, uso kwa uso kila alfajiri.

Nisiidharau kazi ile. Mtama hauna mnato. Ukiukoroga na maji ukaumimina, unapasuka kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Mayu alikuwa na njia yake. Jioni analoweka unga wa mtama mwekundu na kuuacha ulale mpaka uchachuke kidogo. Asubuhi anachota unga mkavu kidogo, anaukorogea maji yanayotokota mpaka uwe uji mzito, kisha anaumimina uji ule ndani ya unga uliolala. "Uji unaushika unga mkono," aliniambia. Halafu unafuata mlenda uliokaushwa na kutwangwa, kiasi cha kuchota kwa ncha za vidole, na hapo rojo linaanza kuvutika. Mlenda ndio ulikuwa yai letu. Kisha chumvi, pilipili, na kitunguu ambacho nilikikata mimi, vipande vikubwa vikubwa, kwa sababu sikuwa na subira.

Kikaango kilikuwa cha udongo, kipana. Alikipaka mafuta ya karanga kwa nusu ya kitunguu iliyochomekwa kwenye kijiti. Anamimina, analitandaza rojo kwa mgongo wa kata, kuanzia katikati kwenda nje, upesi, mkono usisite. Ukingo ukianza kuinuka wenyewe, mwiko unapita chini. Katikati tuliweka nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa juani, yaliyopikwa kwa karanga za kusaga. Tulikula moto moto kabla jua halijachomoza vizuri, na ninasema kweli, utamu ulikuwapo. Nilikuwa nakula na kumwonea wivu yule anayekula mkate wetu akiwa mbali.

Maana mkate wa kwanza ulikuwa wa mume wangu. Kikaango kikiwa hakijapata moto sawasawa, mkate wa kwanza hung'ang'ania. Kila mpishi anajua. Sisi mjini tungeutupa. Mayu aliubandua vipande vipande, akasema, "Ameuvuta," yaani mwanawe, huko aliko. Kisha akautoa nje, akauweka juu ya kigae cha chungu kilichovunjika, chini ya ua wa minyaa, mahali njia ya kwenda magharibi inapoanzia. Akasimama pale, akasema neno moja.

"Ataludi."

Alisema hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi nilimjibu "Inshallah" kutoka mlangoni. Tulipokwenda kuteka maji na kurudi, kigae kilikuwa kitupu. Kuku, nilijiambia. Ndege.

Mtama ukavunwa bila yeye. Siku moja, mchana, akaja mwanamume mwenye vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Alikuwa mmoja wa wale walioondoka naye. Hakukaa alipokaribishwa, na mimi nikajua.

"Duara limeshuka," alisema. Duara ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao.

"Alikuwa ndani?" nikauliza.

"Aliingia asubuhi, shemeji. Sikumwona akitoka."

"Mmemtoa?"

Akatazama chini. "Tulichimba. Tuliwapata wengine, yeye hatukumpata. Mwenzetu mmoja anaapa kwamba jioni ya siku ile ile alimwona barabarani, anatembea kuelekea Mwakitolyo, njia ya kurudi huku. Alimwita, hakugeuka."

Mayu alimsikiliza mpaka mwisho. Akamletea maji, akamshukuru kwa mwendo wake. Mimi nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa nilie. Nikamtazama yeye, maana mtoto ni wake, kilio kianze kwake. Hakulia. Alinitazama mimi kwa muda mrefu, halafu akaingia ndani kuloweka unga.

Kesho yake tulipika kama kawaida. Mkate wa kwanza ukang'ang'ania. "Ameuvuta," alisema, akautoa nje, akasema lile neno lake. Nikaona basi, huyu mama amekataa. Mwiko bado upo. Nikameza kilio changu, na kilio kilichomezwa si chakula. Kinakaa palepale kooni.

Majirani ndio waliotuharibu kabisa. Mtu akifa akazikwa, watu wanalia, wanakula, wanatawanyika. Mtu asiyeonekana mwili wake wanampa kazi. Walianza kunong'ona kwamba amechukuliwa msukule: kwamba hakufa, amefichwa na mchawi kwa dawa, ulimi umekatwa, anachimba usiku na mchana dhahabu ya mtu mwingine na kulishwa pumba. Ndiyo maana aliitwa asigeuke, walisema. Msukule hawezi kuitika. Bibi mmoja kisimani aliniambia kwa upole mkubwa, kana kwamba ananipa dawa ya kikohozi, kwamba misukule wakipita karibu na kwao hurudi alfajiri kutafuta chumvi.

Mikate yetu ilikuwa na chumvi.

Sikuwa mtu wa kuamini mambo hayo. Baba yangu alitukataza hata kuyataja. Lakini jaribu wewe kukaa katika kaya ya watu wawili, alfajiri, ukungu umeshika minyaa, na nje kuna chakula kilichowekwa kwa ajili ya mtu. Nilianza kusikia hatua. Nilisikia mtu akikohoa kile kikohozi kidogo cha mtu asiyetaka kugonga mlango. Mayu naye alikuwa akisikia, kwa sababu mkono wake ulisimama juu ya kikaango pamoja na wangu. Hatukuulizana. Tulikuwa tunaongeza kuni.

Asubuhi moja mkate wa kwanza ulitoka vizuri kidogo, umepasuka upande tu, mayu akautandaza mzima juu ya kigae. Tuliporudi kisimani haukuwa umeliwa wote. Umekunjwa katikati, ukakunjwa tena. Ncha haikuwapo.

Niliweka mtungi chini kwa sababu ungenianguka. Mayu aliutazama mkate, akanitazama, akaufukia pale pale kwa mguu. Niliogopa, ndiyo, lakini nisidanganye, kilichoniumiza zaidi kilikuwa furaha. Nilifurahi kama mpumbavu. Halafu nikakumbuka kwamba mtu mwenye ulimi angeniita.

Huo ndio uliokuwa mwaka wangu. Nilikonda, nywele zikawa nyepesi. Kila siku nilitikisa kibuyu cha maziwa kutengeneza samli ya kupeleka mjini, mate yakinijaa, na sikulamba hata kidole. Nilimchukia yule mama. Nilimpenda mwanawe na nilimchukia yeye, kwa sababu niliona amenifunga kamba moja na mtu ambaye hayupo, na mwisho wa kamba ameushika yeye. Mjini wenzangu walikuwa wanazaa. Mimi sikuwa mke, sikuwa mjane. Nilikuwa mtu wa kugeuza mikate.

Baba yangu akaja siku moja na punda wake, akakaa kwenye kigoda uani, akanikodolea macho.

"Umekuwa kijiti," alisema. "Mwanangu, kuna mtu ameniuliza habari zako. Mtu mzima, mstaarabu. Sikumjibu. Nilikwenda kwa sheikh. Anasema watu wa mumeo wakikiri kwamba amekufa, utakaa eda, kisha utakuwa huru. Wasipokiri, wewe ni mke wa mtu."

"Mke wa nani, baba?"

"Hilo ndilo ninalokuuliza mimi."

"Siwezi kumwambia mayu amwue mwanawe kwa mdomo wake. Ana mwiko. Amenishikisha na mimi."

Baba akachora ardhi kwa fimbo. Alikuwa mtu mpole, hakupenda kuingilia mila za watu. "Basi mwulize," alisema mwishowe, "mwiko wake mwisho wake lini. Kila mwiko una mwisho."

Sikulala vizuri. Alfajiri nilikuwa jikoni kabla yake, nimewasha moto, nimekoroga uji kwa nguvu mpaka ukanirukia mkononi. Alipoingia nilimwamkia, akaitika, akachuchumaa. Nikamimina mkate wa kwanza. Nikaushika mwiko mbele ya uso wake, nikasema kabla ujasiri haujanitoka.

"Mayu, mwiko huu ni mpaka lini?"

Akautazama. Akaugusa pale ulipolika.

"Huo bado mzima," alisema. "Ukivunjika tutachonga mwingine."

Niliona ananidhihaki. Damu ilinipanda. "Tuchonge mwingine? Huu haujatosha? Mwaka mzima sijaonja maziwa, mayu! Nimekuwa mfupa! Baba amekuja kanikuta kijiti! Ukisha kuuvunja huu unataka kunipa mwingine?"

Yeye hakuwa amezoea mtu kupaza sauti jikoni kwake. Alinikazia macho kama mtu anayetafuta njia gizani, akichambua Kiswahili changu neno kwa neno.

"Maziwa," alisema polepole. "Nani kakukataza maziwa?"

"Wewe! Kesho yake alipoondoka. Uliniambia nishike mwiko wako."

"Ndiyo. Nilikwambia."

"Basi nimeshika."

"Mwiko wa mti," alisema. Akaunyooshea kidole. "Huu. Nilitaka ugeuze mkate. Moshi ulikuwa umeniingia machoni."

Mkate ulianza kutoa harufu ya kuungua, na hakuna aliyeuangalia. Nilitaka kucheka, nikasikia kwamba nikianza sitaweza kuacha.

"Gashi," alisema mayu, neno lao la kumbe, akalirudia kwa sauti ndogo. "Gashi. Gashi."

"Na wewe?" nikamwuliza. "Wewe mbona hukunywa? Nilikuona. Tangu siku ile."

"Mimi koo lilifunga tu. Mtoto anaposafili mama hali vizuli. Nilisema nitakunywa nikisikia amefika." Alikaa chini kabisa, kwenye majivu, kaniki ikichafuka. "Halafu likaja lile neno la shimo. Nikataka kumlilia mwanangu. Kinywa kilikuwa wazi. Nikakutazama wewe kwanza. Hukulia. Maziwa hukugusa. Nikasema, mke anajua. Mwili wake umeambiwa kitu ambacho mimi sikuambiwa. Mimi ni nani, nimzike mtu ambaye mkewe anamngoja?"

"Mimi nilikuwa nakungoja wewe," nikasema.

"Na lile neno la asubuhi, nilikuwa nakusemea wewe. Usikate tamaa."

Tukatazamana. Nimekwisha kuzika watu wengi tangu siku ile, pamoja na watoto wangu wawili, na bado sijapata tena baridi iliyonipanda wakati ule mbele ya moto. Hakuna aliyekuwa akimngoja. Kila mmoja wetu alikuwa amekwisha kujua siku ile ile ya duara kwamba amekufa, akakaa kimya kwa kumheshimu mwenzake. Mwaka mzima tulimzuia mlangoni kwa neno moja tulilosikia visivyo, na kama kulikuwa na mtu aliyeitikia, aliitikia nini?

Mayu alinyanyuka kwa kushika ukuta. Akakishusha kibuyu cha samli, akaubandua ule mkate ulioungua, akakipaka kikaango samli kwa kiganja chake mwenyewe kwenye udongo wa moto. Hakuonyesha kusikia maumivu. Alimimina rojo. Mkate ukatandaa, ukainuka ukingo, akaugeuza kwa vidole. Ulitoka mzima, laini, haukuacha hata chembe. Akaunyanyua juu ya mwanga wa mlango, akautazama.

"Leo hakuuvuta," alisema, na hapo ndipo alipolia.

Alilia kwa sauti ambayo sikujua anayo. Mimi nikamfuata. Kilio changu kilikuwa kimekaa kooni muda mrefu hata kilitoka kama kikohozi. Shemeji zake wakaja mbio, wakasimama mlangoni, wakatukuta tumekumbatiana majivuni, na hawakuhitaji kuuliza. Kufika jioni mayu alikuwa amenyolewa nywele. Baba yangu akaitwa kutoka mjini, akamsomea mume wangu hitima pale pale uani, karibu na ng'ombe, na mayu akakiri mbele ya wazee kwamba mwanawe amekufa katika nchi ya Wazinza. Nikaingia eda katika nyumba yake. Nilikuwa mjane. Nilijisikia mwepesi, nikaona haya kwa wepesi ule, halafu nikalala usingizi kama wa mtoto.

Siku zile za matanga hatukupika sisi, na hakuna aliyekumbuka kuweka kitu chini ya minyaa. Watu walipotawanyika, asubuhi ya kwanza tuliyobaki wawili, mayu alifungua mlango kwenda kukamua, akasimama. Nikaenda nyuma yake.

Kigae kilikuwa mlangoni. Hakikuangushwa. Kimewekwa sawasawa mbele ya kizingiti, uso juu, kitupu, kimefutwa vumbi, kama mtoto anavyoleta sahani yake apakuliwe tena.

Ukungu ulikuwa umeshika ua. Hatukusikia hatua, hatukusikia kikohozi. Mayu alitazama upande wa njia ya magharibi, na mimi nilimtazama yeye, kwa sababu nilijua mawazo yake yako wapi. Yangu nayo yalikuwa huko huko. Lile neno lake la asubuhi lilikuwa limefika kwenye midomo yake, nililiona. Akilisema, eda itavunjika kabla ya kwisha, baba atarudi na punda wake bure, na mimi nitakuwa mke tena, wa mtu anayekuja alfajiri na hawezi kuita. Nisingembishia. Yeye ndiye aliyemzaa.

Aliinama, akakiokota kile kigae, akakishika kwa mikono miwili.

"Mbwa," alisema.

Pale kwetu hapakuwa na mbwa.

"Ndiyo, mayu," nikamjibu. "Mbwa."

Akakiingiza kigae ndani ya kaniki yake, kifuani, akarudi ndani na kufunga mlango. Akanimiminia maziwa kwenye kata, akasimama mbele yangu mpaka nikayamaliza yote.